Jinsi ya kurekodi mnara wa vita na vibao vya historia kwenye mji mdogo wa Marekani: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kila ikikaribia mwisho wa Mei, na tena mapema Novemba, zikikaribia siku za kuwakumbuka wanajeshi wa Marekani, naletewa picha za aina ileile. Mtoto kapewa kazi shuleni achague jina moja kwenye mnara wa vita wa mji wao, mzazi kaenda naye pale mbele ya mahakama ya kaunti wakapiga picha mbili tatu na simu, wakirudi nyumbani wakakuza picha majina hayasomeki, nyota ya pembeni ya jina haikuandikwa popote, upande wa nyuma wa jiwe hakuna aliyeuangalia, na mwisho wa yote mtoto anaandika habari za mtu mwingine kabisa mwenye jina linalofanana.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Yule aliyeandikwa pale alikuwa na mama yake na mtaa wake, halafu sisi tunampachika maisha ya mtu mwingine kwa sababu tulikuwa na haraka.

Basi huu ni mwongozo wa kazi nzima, toka unatoka nyumbani mpaka unampata mtu mwenyewe. Umeandikwa kwa ajili ya ndugu zetu walioko kwenye miji midogo huko Marekani, wazazi na wanafunzi, lakini yeyote anayepita njiani akavutiwa na kibao anaweza kuufuata. Mfano nitakaoutumia huko mbele ni mji wa Bedford, Virginia, kwa sababu kila aina ya tatizo utakalokutana nalo lipo pale.

Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenye kamera nzuri, chaji imejaa, na nafasi ya kutosha. Washa lokesheni kwenye setingi za kamera kabla hujatoka.
- Tochi ndogo, ya pembeni, siyo ile ya simu (simu itakuwa inapiga picha).
- Kioo cha mkononi, hata cha kujipodolea. Kazi yake utaiona hatua ya 3.
- Daftari na penseli. Kalamu ya wino kwenye baridi au mvua inakataa.
- Mtu wa pili. Siyo lazima, ila akikuwepo kazi inakuwa na makosa machache sana.
- Shiti ya Excel au Google Sheets ya kuingizia majina ukirudi.
- Akaunti ya bure ya FamilySearch, tovuti ya kutafutia rekodi za familia.

Usibebe chaki, shaving krimu, unga, brashi ya waya wala jiki. Wapo wanaofundisha kupaka vitu hivi juu ya maandishi ili yasomeke, tafadhali usifanye, sababu ziko mbele.

Hatua ya 1: Jua unarekodi kitu gani

Watu wanachanganya vitu vitatu na makosa mengi yanaanzia hapo.

Cha kwanza ni kibao cha historia, kile cha chuma cha kumiminwa kinachosimama kwenye mlingoti kando ya barabara. Virginia walianza kuvisimamisha 1927 na sasa vinasimamiwa na idara ya serikali ya jimbo, vina rangi ya fedha na maandishi meusi, juu kuna herufi na namba, chini kuna jina la ofisi iliyokiweka na mwaka. Pennsylvania vyao ni vya buluu na maandishi ya manjano. Kibao cha namna hii kinaelezea tukio au mtu au jengo, na mara nyingi hakina orodha ya majina.

Cha pili ni mnara wa waliokufa. Majina yaliyopo hapo ni ya wale waliopoteza maisha tu.

Cha tatu ni orodha ya heshima, na hii ndiyo inayowapoteza watu. Ni bamba kubwa lenye majina ya wote waliotoka mji au kaunti ile kwenda jeshini, wakiwemo waliorudi salama wakafungua duka wakazeeka. Waliokufa wamewekewa alama tu, kwa kawaida nyota, sehemu nyingine msalaba. Usipoiona ile nyota utamwua mtu aliyekufa kitandani kwake akiwa na miaka themanini, au utamfufua aliyezikwa Ufaransa.

Kwa hiyo ukifika, kabla hujatoa simu, soma maneno ya juu kabisa na ya chini kabisa. "Who gave their lives" maana yake waliokufa. "Who served" maana yake wote. Ukiona hayo mawili yako pamoja kwenye jiwe moja, tafuta alama.

Umemaliza hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja: hili ni bamba la waliokufa wa kaunti fulani, vita fulani, liliwekwa na fulani mwaka fulani.

Hatua ya 2: Chagua siku na saa

Usiende asubuhi ya Memorial Day. Siku hiyo ya kuwakumbuka waliokufa vitani ni Jumatatu ya mwisho ya Mei, na majina yatakuwa yamefunikwa na mashada ya maua, viti vimepangwa, wazee wa American Legion, chama cha maveterani, wako kwenye gwaride lao. Nenda ukae na watu, usikilize majina yakisomwa, bendera iko nusu mlingoti mpaka saa sita mchana, hiyo ni siku ya heshima siyo ya kusogeza maua ili upate picha. Tarehe 11 Novemba, siku ya maveterani, nayo ni hivyohivyo. Kwa kurekodi nenda wiki mbili tatu kabla.

Kuhusu mwanga: bamba la shaba linang'aa, jua likilipiga usoni unapata doa jeupe katikati ya majina. Siku ya mawingu ni bora. Jiwe la graniti lenye maandishi ya kuchongwa ni kinyume chake, linataka jua la pembeni, asubuhi au jioni, ili kila herufi itoe kivuli. Mchana wa saa saba ndio muda mbaya kuliko wote na ndio muda ambao watu wengi wanakwenda.

Na kama kibao kiko kando ya barabara kuu, tafuta kwanza mahali halali pa kuegesha gari. Vile vibao viliwekwa enzi magari yanakwenda polepole, leo lori linapita hapo kwa kasi na bega la barabara ni jembamba. Usishuke na mtoto upande wa magari.

Uwanja wa mahakama au bustani ya mji ni mali ya umma, kupiga picha mnara hapo hakuna shida. Makaburini inategemea, mengine ni ya kanisa au ya familia, omba ruhusa. Mtu akikuuliza unafanya nini mwambie moja kwa moja, narekodi majina ya mnara. Kwenye miji midogo swali hilo mara nyingi linaishia na mzee anakuonyesha jina la kaka yake.

Hatua ya 3: Piga picha kwa mpangilio, siyo kwa kubahatisha

Anza mbali, malizia karibu. Picha ya kwanza ionyeshe mnara pamoja na jengo lililo nyuma yake, ili mtu ajue uko wapi. Ya pili mnara mzima. Kisha zunguka, pande zote nne, hata kama unadhani nyuma hakuna kitu. Vibao vya barabarani vingi vina maandishi pande zote mbili na wakati mwingine upande wa pili una habari tofauti kabisa. Minara ya jiwe mara nyingi inaficha nyuma jina la mchongaji, jina la chama kilicholipia, na tarehe ya kuzinduliwa.

Halafu sasa majina. Piga kolamu moja moja, simama sambamba na bamba, simu isiinamishwe, na kila picha ipitilize kidogo kwenye ile iliyofuata ili majina ya mpakani yaonekane mara mbili. Ukipiga bamba zima kwa mpigo mmoja majina ya pembeni yanapinda na herufi zinaungana.

Herufi zilizofifia: mwanga wa pembeni. Shikilia tochi karibu kabisa na jiwe, iangaze kwa ubapa kutoka kushoto, piga, kisha kutoka juu, piga tena. Kama jua lipo, mwenzako asimame pembeni na kioo aelekeze mwanga wa jua ukitambaa juu ya jiwe. Jina ambalo macho hayakuliona linatokea lenyewe, na hujagusa kitu.

Hapo ndipo sababu ya kuacha chaki na krimu nyumbani. Chaki ngumu inakwangua jiwe laini, krimu ina kemikali zinazobaki kwenye vitundu vya jiwe, jiki inaacha chumvi ndani yake na chumvi hiyo inalimega jiwe taratibu, brashi ya waya inakwaruza shaba, na pampu ya maji ya presha inang'oa tabaka zima la juu pamoja na maandishi. Lile koti la kijani au kahawia kwenye shaba siyo uchafu, kwa kiasi kikubwa ndilo linaloikinga. Ukiona mnara unahitaji kusafishwa, piga simu ofisi ya mji au ya kaunti uwaambie. Mnara una mwenyewe.

Rudia picha yoyote ambayo ukiikuza pale pale kwenye skrini huwezi kusoma jina la mwisho la kila mstari. Siyo ukifika nyumbani. Pale pale.

Hatua ya 4: Nakili kama ilivyo

Kaa chini uandike maandishi yote mstari kwa mstari, hata maneno ya sala, hata jina la kampuni iliyomimina shaba. Usirekebishe chochote. Jina limekosewa, liache lilivyokosewa, andika pembeni kwamba hivyo ndivyo lilivyo kwenye shaba. Usipofanya hivyo atakayekuja baada yako hatajua kosa ni lako au ni la fundi wa 1921.

Mabamba ya zamani yanatumia V mahali pa U, utaona "VNITED STATES" na "TRVST". Kwenye maneno ya kawaida siyo tatizo, ila kwenye majina ya ukoo ni tatizo kubwa, kwa hiyo angalia kama bamba lote linatumia V ndipo uamue jina lisomwe vipi, na uandike kwamba umeamua.

Apu za kusoma maandishi kwenye picha zinasaidia kwenye aya ndefu, kwenye orodha ya majina zinaharibu. Zinasoma kwa mlalo, zinachukua jina la kwanza la kolamu ya kushoto na la ukoo la kolamu ya katikati, unapata mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Majina chapa kwa mkono. Kisha mwenzako asome picha kwa sauti, wewe ufuate kwenye shiti, halafu mbadilishane. Mwisho hesabu majina kwenye picha na mistari kwenye shiti, lazima zilingane.

Herufi isiyosomeka weka alama ya kuuliza, usibuni.

Kolamu za shiti: jina kama lilivyoandikwa, cheo, kikosi, alama ya pembeni, kichwa cha habari kilicho juu ya jina, namba ya picha. Hiyo ya kichwa cha habari usiiruke. Kwenye mabamba mengi ya Vita vya Kwanza vya Dunia, hasa kusini, majina ya wanajeshi weusi yamewekwa peke yao chini kabisa, chini ya neno "Colored". Kuna watu wananakili wakiyaruka kwa aibu, wengine wanayachanganya na mengine kwa nia njema ili kuondoa ubaguzi. Yote mawili yanafuta ushahidi. Nakili majina, nakili na lile neno, nakili na mahali lilipowekwa, kwa sababu watu hawa walitengwa hata baada ya kufa na mtu anayesoma rekodi yako ana haki ya kulijua hilo.

Na niseme hili pembeni. Sanamu ya askari pale Dar es Salaam imesimama tangu 1927 na haina jina hata moja, si la askari, si la mpagazi, na wapagazi waliokufa kwenye vita ile ya kwetu ni maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo ukisimama mbele ya jiwe la mji mdogo ambalo limeandika kila kijana wake kwa jina, ujue umeshika kitu ambacho babu zetu hawakupewa. Kinakili vizuri.

Hatua ya 5: Andika miaka miwili, siyo mmoja

Kila mnara una mwaka wa tukio na mwaka wa kusimamishwa, na umbali kati ya hiyo miwili unasema mengi. Mnara wa Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 uliowekwa 1868 na mama za marehemu siyo sawa na uliowekwa 1910 na chama kilichokuwa kinapigania namna vita ile ikumbukwe. Angalia waliolipia: G.A.R. ni chama cha maveterani wa upande wa Muungano, U.D.C. ni chama cha mabinti wa upande wa Kusini, D.A.R. ni mabinti wa vita vya uhuru vya Marekani, American Legion kilianzishwa 1919 na waliorudi kutoka Ufaransa. Huhitaji kuandika insha, andika tu nani na lini.

Usishangae ukiona Vita vya Kwanza vimeandikwa 1917–1919 badala ya 1918. Risasi zilinyamaza 11 Novemba 1918, mkataba ulisainiwa 1919, na wengi walikuwa bado jeshini. Nakili kama ilivyo.

Kuhusu sanamu yenyewe, tahadhari mbili. Kwanza, ukiambiwa "huyu ni kijana wa hapa hapa", usiandike mpaka uwe na ushahidi. Sanamu nyingi za miji midogo zilinunuliwa kwa katalogi. Yule askari wa 1918 anayetembea katikati ya visiki na seng'enge, bomu la mkono limeinuliwa juu mkono wa kulia na bunduki mkono wa kushoto, ni kazi ya mchongaji E. M. Viquesney na kuna zaidi ya mia moja ya aina hiyo Marekani nzima. Askari wa rangi ya kijivu-buluu wa vita vya 1861 anaweza kuwa wa zinki kutoka Monumental Bronze Company ya Bridgeport, Connecticut. Kununuliwa kwa katalogi hakupunguzi heshima, mji ulichanga senti kwa senti, ila ukweli uandikwe. Pili, ile hadithi kwamba miguu ya farasi ikiwa juu maana yake mpanda farasi aliuawa vitani, siyo kanuni. Iache.

Hatua ya 6: Mtafute mtu, ukianzia orodha sahihi

Hapa ndipo wengi wanaanguka, kwa sababu wanaanza kwa kuandika jina Google. Usianze hivyo. Anza na vita, kisha kaunti, kisha jina.

*Vita vya Pili vya Dunia.* Juni 1946 Idara ya Vita ilitoa orodha ya waliokufa na waliopotea wa jeshi la nchi kavu na la anga, imepangwa kwa jimbo na kaunti, na Nyaraka za Taifa (National Archives) wameiweka mtandaoni bure. Fungua kaunti yako, shuka mpaka kwenye jina. Utaona cheo, namba ya jeshi, na herufi za namna alivyokufa: KIA aliuawa kwenye mapigano, DOW alikufa kwa majeraha, DNB alikufa nje ya mapigano yaani ugonjwa au ajali, FOD alitangazwa amekufa baada ya kutopatikana. Jina la mnarani lisipokuwepo usikate tamaa, kuna sababu mbili za kawaida. Huenda alikuwa wa jeshi la majini au mariini, hao wana orodha yao tofauti. Au aliandikishwa akiwa anakaa kaunti nyingine, orodha ya serikali ikampeleka huko wakati mji wa kwao ukamweka kwenye jiwe lake. Angalia kaunti jirani.

*Vita vya Kwanza.* Anza na kadi za kujiandikisha jeshini za 1917 na 1918, ziko kama milioni 24, FamilySearch wanazo. Zinakupa tarehe ya kuzaliwa, kazi, ndugu wa karibu. Ukikuta kadi ya Juni 1917 kona yake ya chini kushoto imechanwa usidhani ni uzee wa karatasi, fomu yenyewe ilielekeza kona hiyo ichanwe kama mtu ni wa asili ya Afrika. Lakini kumbuka, kujiandikisha siyo kwenda vitani, kadi peke yake haithibitishi kitu zaidi ya kwamba mtu huyo alikuwepo. Na jina lenye nyota la 1918 usiliandikie kifo cha risasi bila ushahidi: kati ya Wamarekani kama 116,000 waliokufa vita ile, zaidi ya nusu waliuawa na magonjwa, mafua makali yakiwa mbele, wengine hawakuwahi hata kupanda meli.

*Vita vya 1861.* Hifadhi za Taifa (National Park Service) wana hazina ya majina ya askari na mabaharia, bure. Inatoa jina, rejimenti, kombania na cheo tu, na majina yanafanana mno, kwa hiyo bila kombania na rejimenti kutoka kwenye jiwe usichague mtu. Ukiona U.S.C.T. baada ya namba, hicho ni kikosi cha askari weusi wa Muungano.

*Korea na Vietnam.* Nyaraka za Taifa wana orodha kwa jimbo. Hapa familia bado ziko hai na ziko mji huohuo, mpigie mtu simu kwa adabu au acha, na usichapishe anwani za watu.

Ukiandika St. Louis, kwenye kituo cha serikali kinachotunza mafaili ya wanajeshi, kuomba faili la utumishi na ukajibiwa halipo, siyo uzembe wao. Tarehe 12 Julai 1973 jengo lile liliungua na karibu asilimia 80 ya mafaili ya jeshi la nchi kavu ya walioachishwa kati ya 1912 na 1959 yakaangamia. Ndiyo maana gazeti la mji ni muhimu kuliko unavyodhani. Magazeti mengi yako bure kwenye Chronicling America ya Maktaba ya Bunge, mengine yako kwenye filamu ndogo (microfilm) maktaba ya mji, na mkutubi atakuonyesha mashine.

Hatua ya 7: Tafuta alipolala

Twende Bedford sasa. Mwaka 1944 mji ulikuwa na watu kama 3,200. Vijana wake walikuwa kwenye Kombania A, Rejimenti ya 116, Divisheni ya 29, kikosi kilichoshuka wimbi la kwanza ufuo wa Omaha, Normandy, Ufaransa, 6 Juni 1944, na karibu 20 wa mji ule na viunga vyake wakafa siku hiyo. Simu za maandishi za kutangaza vifo zilifika kwa mkupuo Julai, kwenye mashine iliyokuwa ndani ya duka la dawa la Green's. Kwa sababu hiyo mnara wa kitaifa wa D-Day, yaani siku ile ya kushuka Normandy, ulijengwa pale na kuzinduliwa 6 Juni 2001, na tao lake lina urefu wa futi 44 na inchi 6, yaani mwezi wa sita, 1944.

Kwenye majina ya Bedford kuna ndugu wawili, Bedford Hoback na Raymond Hoback, wote walikufa siku ile. Mtu akitafuta kaburi lao atampata mmoja. Bedford Hoback ana kaburi Normandy. Raymond hakupatikana, Biblia yake tu iliokotwa na askari mwingine ufuoni na kutumwa kwa mama yake, kwa hiyo jina lake liko kwenye ukuta wa waliopotea. Ukitafuta "kaburi" peke yake utasema hakuna rekodi. Rekodi ipo, umetafuta mahali pamoja tu.

Tafuta kwa mpangilio huu:

1. Tovuti ya ABMC, tume ya minara ya vita ya Marekani iliyoanzishwa 1923. Ina makaburi ya ng'ambo na kuta za waliopotea kwenye kisanduku kimoja cha kutafutia. Usijaze Ufaransa tu, wapo walioko Ufilipino, wapo walioko Carthage, Tunisia.
2. Kisipopatikana kitu, mtafute nyumbani. Baada ya vita familia ziliulizwa zichague, na baada ya Vita vya Pili miili kama 171,000 ilirudishwa. Tumia kitafutio cha makaburi cha idara ya maveterani, kisha makaburi ya mji wenyewe.
3. Linganisha angalau vitu viwili zaidi ya jina: kikosi na tarehe ya kifo, au namba ya jeshi na kaunti. Jina peke yake halitoshi hata likiwa la ajabu namna gani.

Umefika ukiweza kuandika mstari kama huu kwa kila jina ulilochagua: jina, kikosi, tarehe na namna ya kifo, mahali alipolala au ukuta uliobeba jina lake, na umeitoa wapi kila habari. Ikibaki nafasi tupu, iache tupu.

Hatua ya 8: Iweke mahali itakapodumu

Simu inapotea. Peleka kopi ya shiti na picha maktaba ya mji au chama cha historia cha kaunti, wengi wanafurahi kwa sababu hawana mtu wa kuifanya kazi hii. Kisha angalia kwenye hmdb.org, hazina ya vibao vya historia iliyoanza 2006, kama mnara wako upo. Ukiwepo linganisha maandishi yao na yako, usipokuwepo unaweza kuuongeza, soma masharti yao kwanza, mawe ya kawaida ya makaburini hawachukui.

Majina ya faili yaeleweke bila wewe kuwepo: jimbo, mji, mnara, upande, kolamu. Picha halisi usizikate wala usizitie filta, hifadhi kama zilivyotoka kwenye kamera na uhariri kopi.

Ukigundua kosa au jina lililosahaulika

Hili linatokea zaidi ya watu wanavyofikiri. Jina limeandikwa vibaya, au kuna kijana kwenye orodha ya kaunti ya 1946 ambaye jiwe halimjui.

Usikimbilie kulalamika mtandaoni. Kusanya kwanza ushahidi wa aina mbili tofauti, mfano ukurasa wa orodha ya serikali na habari ya gazeti ya wakati ule inayosema ni wa mji huo. Hakikisha hayuko kwenye mnara wa mji jirani. Jua mwenye mnara ni nani: ubao wa barabarani uende kwa ofisi ya jimbo iliyoandikwa chini yake, mnara wa uwanja wa mahakama uende kwa makamishna wa kaunti, wa bustani kwa baraza la mji, na kopi kwa posti ya American Legion ya hapo kwa sababu wao ndio huwa na sauti kwenye mambo haya. Andika barua ya ukurasa mmoja, ambatanisha picha ya mahali jina linapotakiwa liwe, na uombe iingizwe kwenye ajenda ya kikao cha wazi. Kwenye kikao utapewa dakika chache za kuongea, zitumie kusoma jina lake, kikosi chake na tarehe, halafu wakabidhi karatasi. Bajeti ya shaba inachukua muda, miezi au hata mwaka, fuatilia kila kikao na weka barua zote kwenye foleda moja na ile shiti.